Namba ya D-Dimer: usiogope kabla ya kuuliza, usipuuze kabla ya kupima

Mwezi uliopita nilitumiwa picha kwa WhatsApp kutoka Rusinga, kile kisiwa cha Ziwa Victoria katika kaunti ya Homa Bay ambako niliwahi kufanya kazi ya maabara kwa miaka miwili baada ya kumaliza diploma yangu. Aliyeituma ni kijana wa mama mmoja muuza samaki, jirani yangu wa siku zile. Ilikuwa picha ya karatasi ya majibu, na katikati yake namba moja imezungushiwa kalamu nyekundu: 1,240. Pembeni pana herufi H, maana yake iko juu. Chini ya picha kijana ameandika: "Daktari, wanasema mama ana damu imeganda kwenye mapafu. Tumeambiwa twende Kisumu akapigwe picha. Tuuze injini ya boti?"

Mimi si daktari, na hilo nililisema tangu siku ya kwanza nilipofika kule, lakini kisiwani kila avaaye koti jeupe huitwa daktari. Swali lake lilinikosesha usingizi. Familia ya wavuvi ikiuza injini imeuza riziki yake. Na bonge la damu kwenye mapafu si jambo la kungoja mwisho wa mwezi, kwani huua, tena huua haraka. Kijana alitaka jibu la ndiyo au la, na karatasi ile peke yake haikuwa na jibu hilo.

Tangu korona ilipoingia mwaka 2020 nimeletewa karatasi nyingi za namna hii, za kutoka Likoni, Malindi, hata Muscat. Mwezi Machi mwaka huo madaktari wa Wuhan, China, walichapisha katika jarida la Lancet kwamba wagonjwa walioingia hospitali wakiwa na kipimo hiki zaidi ya mikrogramu 1 kwa mililita walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufa. Habari ikaenea, kipimo kikaenea, hofu ikaenea. Maelezo ndiyo yaliyobaki nyuma. Basi leo tuyaweke mezani.

Damu inavyoganda, na inavyoyeyuka tena

Kwenye karatasi kipimo huandikwa D-Dimer. Hapa nitakiita dimeri-D.

Ndani ya damu yetu mna protini iliyoyeyuka iitwayo fibrinojeni. Inapita mwilini kimya kimya, haina kazi mpaka mshipa uumie. Ukijikata na kisu jikoni, kwanza vijichembe vidogo vya kugandisha damu hukimbilia pale penye jeraha na kupaziba. Kisha mwili hutengeneza kimeng'enya kiitwacho thrombini, nacho huigeuza fibrinojeni kuwa nyuzi ngumu, fibrini. Nyuzi zinajipanga zikawa wavu. Halafu anakuja fundi wa mwisho, kigandishi nambari 13, anazifunga nyuzi kwa mafundo ili wavu usilegee.

Wavu huo si wa kukaa milele. Jeraha likianza kupona, mwili huleta kisu chake, plasmini, kikaanza kuukata. Plasmini hukata uzi lakini mafundo hayaachii kwa urahisi. Kila uzi wa fibrini una ncha mbili zinazoitwa D, na fundo ndilo linalounganisha D ya uzi mmoja na D ya uzi wa jirani. Wavu ukishakatwa, kipande kinachobaki kikielea katika damu ni zile D mbili zilizofungwa pamoja. Hicho ndicho dimeri-D.

Watu wa Rusinga hili hawahitaji kuelezwa mara mbili. Ukitembea ufukoni asubuhi ukaokota vipande vya nyavu vyenye mafundo, unajua hakika kwamba mahali fulani palikuwa na wavu, na wavu huo umekatwa. Hujui ulikuwa wa nani. Hujui ulikuwa mkubwa au mdogo, wala umekatwa upande gani wa ziwa. Na ukitembea ufuko mzima usione hata kipande kimoja, unaweza kusema kwa kujiamini kwamba usiku ule hakuna wavu uliokatwa karibu.

Zamani kulikuwa na kipimo kingine, FDP, kilichohesabu mabaki ya kila namna, yenye mafundo na yasiyo na mafundo, hata mabaki ya fibrinojeni ambayo haijawahi kuwa wavu. Miaka ya 1980 zilipatikana kingamwili za maabara zinazotambua fundo lenyewe, na hapo dimeri-D ikachukua nafasi. Kwa kawaida nusu ya vipande hivi huondoka katika damu kwa muda wa saa 8 hivi, vikisafishwa na figo na ini. Ndiyo maana mwenye ugonjwa wa figo au ini anaweza kuonyesha namba kubwa bila kuwa na bonge lolote jipya.

Kipimo hiki kazi yake ni kusema "hapana"

Hili ndilo jambo moja ninalotaka msomaji aondoke nalo. Dimeri-D ni shahidi mzuri wa kukanusha, lakini ni shahidi dhaifu wa kuthibitisha.

Mgonjwa akiwa na dalili chache, daktari akamkagua akaona uwezekano wa bonge ni mdogo, kisha namba ikatoka chini ya kikomo, basi shauri limekwisha. Hakuna haja ya picha, hakuna haja ya dawa ya kuzuia damu kuganda. Kipimo kimemwokolea mgonjwa pesa na safari.

Namba ikiwa juu, kinachojulikana ni kwamba kuna wavu umefumwa na kukatwa mahali fulani mwilini. Huenda ni bonge kwenye mguu au mapafu. Huenda pia ni mojawapo ya mambo haya:

- ujauzito, ambao hupandisha namba mwezi baada ya mwezi, hata miezi mitatu ya mwisho wanawake wengi wenye afya huvuka kikomo cha kawaida
- upasuaji, kujifungua, kuanguka au kuvunjika mfupa wiki chache zilizopita
- maambukizi makali: homa ya mapafu, kifua kikuu, korona, sumu ya vijidudu katika damu
- malaria
- ugonjwa wa selimundu
- virusi vya Ukimwi, hasa visipodhibitiwa kwa dawa
- saratani
- ugonjwa wa ini au figo
- umri mkubwa peke yake

Soma orodha hiyo tena, kisha fikiria nani anaishi Rusinga, na nani anaishi Kilifi au Kwale.

Ziwa na bahari, damu moja

Mwaka 1949 kijana mmoja aliyekulia Kenya, Anthony Allison, alizunguka nchi hii na msafara wa Chuo Kikuu cha Oxford akipima damu za watu wa makabila mbalimbali. Aligundua kwamba chembe za selimundu zilikuwa nyingi kwa watu wa pwani na kwa watu wa kandokando ya Ziwa Victoria, na chache sana kwa watu wa nyanda za juu. Akajiuliza, pwani na ziwa zina nini cha pamoja? Jibu lilikuwa mbu. Mwaka 1954 alichapisha ushahidi kwamba anayerithi selimundu kwa mzazi mmoja tu hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali. Anayeirithi kwa wazazi wote wawili ndiye anayeugua.

Kwa hiyo watu wa Rusinga na sisi wa Mombasa, ambao lugha na dini vimetutofautisha, tumebebeshwa na mbu mzigo ule ule. Na yote mawili, malaria na selimundu, hupandisha dimeri-D. Katika malaria ya Plasmodium falciparum, chembe nyekundu zilizoingiwa na vimelea hunata kwenye kuta za mishipa midogo, na mwili huanza kufuma na kukata nyavu ndogo ndogo huko ndani. Mgonjwa wa selimundu naye aghalabu ana namba iliyo juu hata siku ambayo haumwi, na ikizidi pale maumivu yanapomshika.

Rusinga yenyewe ina historia katika vita dhidi ya malaria. Mwaka 2012 ulianza mradi wa SolarMal, wa Chuo Kikuu cha Wageningen cha Uholanzi pamoja na icipe, kituo cha utafiti wa wadudu ambacho kina tawi lake pale Mbita, ng'ambo ya daraja. Nyumba za kisiwa kizima, chenye watu karibu 25,000, ziliwekewa mitego ya mbu inayotumia umeme wa jua na harufu inayofanana na ya binadamu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016: maambukizi ya malaria yalikuwa chini kwa karibu asilimia 30 katika nyumba zilizokuwa na mitego kuliko zile ambazo zilikuwa bado. Ni kazi ya kusifiwa. Lakini malaria ilipungua, haikwisha.

Pia Homa Bay imekuwa kwa miaka mingi miongoni mwa kaunti zenye maambukizi mengi zaidi ya virusi vya Ukimwi nchini. Utafiti mkubwa wa kimataifa ulioitwa SMART, ambao matokeo yake kuhusu alama hizi yalichapishwa mwaka 2008, ulionyesha kuwa dimeri-D kubwa kwa watu wenye virusi hivyo iliambatana na hatari kubwa zaidi ya kufa. Hapo namba inaeleza uvimbe na uchovu wa mishipa ya damu kwa jumla. Si lazima bonge kubwa lipatikane.

Sasa kikomo cha 500 tunachokiona kwenye karatasi kilijengwa zaidi kwa tafiti za wagonjwa wa Ulaya na Amerika ya Kaskazini, ambako malaria si mgeni wa kila wiki. Kikomo hicho hakijakosea. Bonge likiwapo namba hupanda huku kama kule, na namba ndogo ina maana ile ile. Kinachobadilika ni upande wa pili: kwetu namba kubwa ina sababu nyingi zaidi za kuwa kubwa.

Soma herufi ndogo zilizo pembeni ya namba

Kabla hujamwamsha mtu usiku kwa sababu ya namba, angalia mambo mawili.

La kwanza ni kipimo kilichotumika. Maabara nyingine huandika kwa nanogramu kwa mililita, nyingine kwa mikrogramu. Namba 0.62 ya mikrogramu ni sawa na 620 ya nanogramu. Mtu aliyezoea moja akiona nyingine anaweza kucheka au kulia bila sababu. Kisha kuna herufi FEU au DDU. Mashine zinazohesabu kwa FEU hutoa namba ambayo ni kama mara mbili ya zile za DDU kwa damu ile ile. Kikomo cha 500 ni cha FEU. Kwa DDU kikomo ni karibu 250. Nimewahi kuona familia ikisherehekea eti namba ya mgonjwa imeshuka nusu, kumbe wamebadilisha maabara tu. Ukirudia kipimo, rudia pale pale.

La pili ni umri. Namba hupanda kadiri mtu anavyozeeka, na kikomo kimoja kwa kijana wa miaka 25 na bibi wa miaka 80 hakina haki. Mwaka 2014 utafiti uliofanywa katika nchi nne za Ulaya ulithibitisha kanuni rahisi: kwa aliyevuka miaka 50, na uwezekano wa bonge usiwe mkubwa, zidisha umri wake kwa 10, hicho ndicho kikomo chake kwa FEU. Mwenye miaka 70 kikomo chake ni 700. Kwa DDU unazidisha kwa 5.

Mama wa Rusinga ana miaka 67. Karatasi yake ilikuwa na FEU kwa herufi ndogo mno. Kikomo chake basi ni 670, na 1,240 ilikuwa juu bado. Hesabu haikumtoa hatiani. Ilibidi kuuliza zaidi.

Mjomba wangu

Hapa lazima niseme jambo ambalo nimelibeba muda mrefu, ili msomaji asifunge ukurasa akidhani nasema namba hizi hazina maana.

Nilipokuwa Rusinga, mjomba wangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuja kunitembelea. Alikuwa mtu wa kupenda kuona nchi. Nilimpeleka Kamasengre kwenye kaburi la Tom Mboya, akafurahi kusikia kwamba Mboya kabla ya siasa alisomea kazi ya ukaguzi wa afya. Baada ya wiki moja akarudi Mombasa kwa basi. Ni zaidi ya kilomita 800. Alikuwa mtu mrefu, na alikaa kiti cha dirishani, magoti yamebanwa, akanywa maji kidogo tu ili asiwasumbue abiria wenzake kwa kutaka kuteremka.

Siku ya tatu mguu wake wa kushoto ukavimba. Ni mmoja tu, kwenye shavu la mguu. Nyumbani wakasema ni baridi ya basi imemwingia. Akakandwa na mafuta ya nazi yaliyopashwa moto, jioni na asubuhi. Nilipigiwa simu. Nikauliza kama ana homa, kama amejikwaa, kama sukari yake iko sawa. Wakasema hana homa, hakujikwaa, sukari iko sawa. Nikasema apumzike.

Siku ya tisa, baada ya swala ya alfajiri, alipanda ngazi akashindwa kuvuta pumzi. Teksi ilipofika alikuwa ameshatutoka. Tulimzika baada ya adhuhuri.

Siwezi kuandika hapa kwamba ni bonge la damu lililomuua. Hatukupima, na siku ya mtu ikifika imefika. Lakini mguu mmoja uliovimba baada ya safari ndefu ni swali, na mimi mwenye diploma ya maabara, niliyekuwa najua jina la kipimo na namna ya kukiendesha, sikuliuliza. Nilikuwa najua mashine zaidi kuliko nilivyomjua mgonjwa.

Maswali yanayotangulia kipimo

Madaktari wana orodha za kupimia uwezekano kabla ya kuagiza dimeri-D, maarufu zaidi ikiwa ile ya daktari Wells wa Kanada. Sikuandikii ili ujitibu. Nakuandikia ili uende hospitali ukiwa na majibu mkononi:

1. Je, ni mguu mmoja uliovimba, au yote miwili? Chukua tepu ya fundi cherehani, teremka sentimita 10 kutoka kwenye kile kifupa kinachojitokeza chini ya goti, zungusha. Tofauti ya zaidi ya sentimita 3 baina ya mguu na mguu si ya kupuuzwa.
2. Je, unauma ukibonyezwa kufuata njia ya mshipa, kwenye shavu la mguu au paja?
3. Je, amelala kitandani siku 3 au zaidi, au amefanyiwa upasuaji wiki za karibuni? Je, amefungwa plasta mguuni?
4. Je, amewahi kupata bonge la damu kabla?
5. Je, ana saratani, au anatibiwa saratani?
6. Je, ni mjamzito, amejifungua karibuni, au anatumia vidonge vya kupanga uzazi?
7. Je, pumzi imemkata ghafla, kifua kinachoma akivuta hewa, moyo unakwenda mbio, au anakohoa damu?
8. Je, kuna maelezo mengine yaliyo wazi zaidi, kama malaria iliyothibitishwa, homa ya mapafu, jeraha au jipu?

Majibu yakionyesha uwezekano mkubwa, dimeri-D haina kazi. Mgonjwa huyo apelekwe kupigwa ultrasaundi ya mguu au picha ya CT ya kifua, hata namba ikiwa ndogo. Namba inaweza kuwa ndogo kwa udanganyifu kama dalili zina wiki kadhaa, au kama mgonjwa ameshaanza dawa ya kuzuia kuganda. Na ile dalili ya saba haingoji maabara wala makala ya gazeti. Hiyo ni ya kukimbilia hospitali saa hiyo hiyo.

Mpaka mguu ukaguliwe, usiukande. Usiufunge kwa nguvu. Hijama nayo haifiki kwenye bonge lililo ndani ya mshipa mkubwa, na kwa aliyekwisha kuanza dawa ya kuzuia kuganda, kumchanja ni kumtafutia kuvuja damu kusikokoma.

Likipatikana bonge

Tiba ipo, na wengi hupona. Kwa kawaida huanza na vidonge vya aina mpya kama rivaroksabani, au sindano za heparini pamoja na warfarini, ambayo huhitaji kupimwa damu mara kwa mara. Muda wake mara nyingi si chini ya miezi mitatu. Dawa hizi ni kali. Anayepewa bila kuwa na bonge anabeba hatari ya kuvuja damu tumboni au kichwani bila faida yoyote. Ndiyo sababu namba peke yake haitoshi kumwanzishia mtu dawa na kumwachilia nayo.

Kuna swali ambalo sisi Waislamu huliuliza kwa kunong'ona, nami nitalisema kwa sauti. Ndiyo, heparini nyingi duniani hutengenezwa kutokana na utumbo wa nguruwe. Zipo dawa za kiwandani zisizotoka kwa mnyama, kama vile fondaparinaksi na hivyo vidonge vya aina mpya, na una haki ya kumwuliza daktari kama zinakufaa. Zisipokuwapo na maisha yako hatarini, mlango wa dharura tunaufahamu tangu madrasa, katika Surat al-Baqara aya ya 173. Mwulize sheikh wako, lakini tiba isicheleweshwe kwa kungoja jibu.

Kwa wasafiri

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2007 matokeo ya mradi wake kuhusu safari na kuganda kwa damu. Safari ya saa 4 au zaidi, ukiwa umekaa bila kusogea, huongeza hatari karibu maradufu, na si kwa ndege tu, bali pia kwa basi, gari au treni. Kwa mtu mmoja mwenye afya hatari bado ni ndogo, kama mmoja kati ya 6,000 kwa safari za ndege za muda huo. Lakini inazidi kwa mjamzito, mnene, mzee, mtumiaji wa vidonge vya uzazi, na aliyewahi kupata bonge.

Anayetoka Mombasa kwenda ziwani, au Muscat kuja nyumbani, ashuke kila basi linaposimama. Akiwa kitini ainue visigino na vidole kwa zamu, maana misuli ya shavu la mguu ndiyo pampu inayorudisha damu juu. Anywe maji. Aibu ya kuomba kuteremka ni ndogo.

Injini ya boti

Nilimpigia kijana simu nikamuuliza maswali yale. Miguu ya mama sawa kwa sawa. Hajasafiri, hajapasuliwa, hajawahi kuwa na bonge. Homa siku nne, baridi usiku, na kipimo cha malaria cha juzi yake kimeonyesha vimelea. Pumzi inakwenda mbio homa inapopanda, ikishuka inatulia. Dimeri-D iliagizwa pamoja na vipimo vingine sita, kwa wakati mmoja, kabla hajaulizwa chochote kuhusu mguu.

Sikumwambia asiende Kisumu. Kwa simu, kilomita 800 mbali, sina haki hiyo, na mjomba wangu amenifunza. Nilimwambia amrudishe mama hospitali siku ile ile, aombe aonane na daktari, na aulize mambo matatu: kabla ya namba hii, mlikuwa na shaka ya bonge kiasi gani? Umri wake na malaria yake vimehesabiwa? Kuna kipimo cha karibu zaidi kabla ya kufikia picha ya Kisumu?

Daktari alimsikiliza. Alimkagua mama, akampima hewa ya oksijeni kwenye kidole, akampeleka ultrasaundi ya miguu, ikaonekana safi. Akamlaza siku mbili ili amwangalie huku akitibiwa malaria. Homa ilipoondoka, mbio za pumzi ziliondoka nayo. Lau zingebaki, daktari alishasema wangekwenda Kisumu na injini ingeuzwa, na mimi ningewaunga mkono.

Haikuuzwa. Mama amerudi sokoni. Kijana aliniandikia tena kuuliza kama warudie kipimo kuona namba imeshuka kiasi gani. Nilimwambia amuulize daktari kwanza jibu litabadilisha nini. Kama halibadilishi kitu, hiyo pesa anunue mafuta ya boti.